Chupa ya Mavuno ya Kwanza, kutoka California hadi Koboko

Ninyi wa ugali wa Jumapili kule California mmeniuliza kila mmoja kwa njia yake. Mkenya ameuliza kama forodha walininyang'anya. Mtanzania ameuliza kama nimeshafungua baa. Mkongo wetu ameuliza swali moja tu, kama mjomba alikunywa. Nawajibu wote kwa pamoja, na nawajibu kwa Kiswahili sanifu, ambacho nilikijenga mwenyewe juu ya kile cha barabarani nilichofundishwa utotoni na mjomba. Kwa wasionijua vizuri: mimi ni Anguyo, mzaliwa wa Manibe, nje kidogo ya Arua, mwenye diploma ya utengenezaji wa mvinyo. Sijasikia mtu mwingine wa West Nile mwenye diploma hiyo. Kama yupo, ajitokeze tusalimiane.

Kuondoka shambani

Mnakumbuka bosi wangu, mzee Emmett, yule aliyekuwa na ekari chache za mizabibu kwenye mteremko na ghala moja la mabati. Hakuwa na kampuni nyuma yake. Zabibu tulichuma yeye, mimi, na binti yake akipata likizo. Mwaka wangu wa kwanza pale sikujua hata kushika mkasi. Mwaka wa mwisho, yeye ndiye aliyekuwa akiniletea glasi na kuniuliza, "Unaonaje, tuuache kwenye pipa au tuutoe?" Mimi nilikuwa najibu, naye alifuata. Sijisifu, ndivyo ilivyokuwa.

Siku ya kuondoka alinipa chupa sita. Tano zilikuwa za mavuno ya karibuni. Ya sita ilikuwa ya mavuno yangu ya kwanza, zabibu nilizochuma kwa vidole vyenye malengelenge. Chupa hiyo ililala gizani miaka yote niliyokuwa nchi ile. Mvinyo mwekundu wa mteremko ule ukiwa mchanga una ukakasi, unashika ulimi kama ndizi mbichi. Ukiachwa miaka, ukakasi unalegea, rangi inaelekea ya matofali, na chini ya chupa kunajikusanya mashapo. Emmett hakuwa mtu wa maneno. Aliniambia tu, "Safari huutikisa. Ukifika uache upumzike, na usiunywe peke yako."

Sikuwa na mpango wa kuunywa peke yangu. Mjomba Wani, kaka wa marehemu mama yangu, ndiye aliyenilea Koboko baada ya baba kufariki. Alilima tumbaku, na kwa tumbaku hiyo nikasoma. Nilipokuwa naondoka aliniambia, "Kule watu nakunywa nini? Letea mimi." Hayo tu. Miaka yote nilimtumia simu, viatu, dawa ya mgongo. Alichoniagiza sikuwa nimempelekea, kwa sababu kilikuwa bado hakijaiva.

Angani, na Entebbe

Nilizifunga chupa kwenye soksi, soksi kwenye suruali, suruali kwenye blanketi. Kwenye uwanja tuliobadilishia ndege tulikwama kutwa nzima kwa sababu ya dhoruba ya vumbi. Nilikula wali wa boksi kati ya watu mia mbili waliokuwa wote na wa kuongea naye. Jirani yangu, mama mmoja wa Kihindi, alinipa nusu ya chapati yake bila kusema kitu. Nilitaka kumweleza kwamba mimi ni fundi wa mvinyo ninayerudi nyumbani. Alikuwa ameshalala.

Entebbe, afisa wa forodha alifungua sanduku na kuvua soksi moja baada ya nyingine. Alama za usoni mwake zilinionyesha ni mtu wa kwetu kaskazini, nikamsalimu kwa Kiswahili.

"Hii yote iko ya misa?" akauliza.

"Hapana."

"Wewe si padre?"

"Mimi ni fundi wa mvinyo. Nina diploma."

Akamwita mwenzake. "Kuja ona. Huyu iko na diploma ya kunywa!"

Walicheka hadi foleni ikasimama. Nikawaeleza habari za mizabibu, mapipa ya mwaloni, na namna chupa inavyolazwa ubavu ili kizibo kisikauke. Yule wa kwanza alinisikiliza kwa adabu, kisha akaifunga soksi ya mwisho vizuri kuliko nilivyokuwa nimeifunga mimi. "Enda, padre," akasema.

Basi la kaskazini

Ningeweza kupanda ndege ndogo hadi Arua. Uwezo ninao. Lakini nilihofia wapakiaji, nikachagua basi la alfajiri kutoka Kampala, nikalipia viti viwili, kimoja changu na kimoja cha sanduku. Kondakta aliliangalia sanduku, akaniangalia mimi.

"Huyu bibi yako hapana ongea?"

Abiria wakacheka, nami nikacheka. Baada ya hapo hakuna aliyenisemesha hadi Karuma, kwa maana aliyekaa peke yake kwa kulipa anaonekana hataki watu.

Karuma nyani walikuwa kando ya barabara kama zamani. Pakwach tulivuka Nile, na mtu mmoja nyuma akasema "tumefika nyumbani" kwa sauti ndogo, hakumwambia yeyote. Baada ya daraja basi likaharibika. Jua la saa saba. Abiria walishuka, wakakaa chini ya kivuli cha basi lenyewe, wakanunua samaki wa kukaanga na mihogo kwa akina mama waliotokea sijui wapi. Mimi sikuweza kushuka na kuacha sanduku, na sanduku lilikuwa linaiva. Joto ndilo adui wa mvinyo. Linakisukuma kizibo, linaupika ndani kwa ndani.

Nilinunua maji yote ya baridi aliyokuwa nayo muuzaji mmoja. Hakuamini macho yake alipoona nayamwaga juu ya blanketi.

"Ndani iko nini, iko samaki?"

"Mvinyo."

"Naoga?"

Alikwenda kuwasimulia wenzake. Nilikaa mle ndani peke yangu na blanketi lililolowa, nikiwasikia wanacheka nje na kupasuliana samaki. Tulipofika Arua, giza limeingia, chupa moja ya mavuno ya karibuni ilikuwa imevujia suruali yangu nzuri. Ile ya kwanza ilikuwa salama. Kizibo hakikuwa kimesogea.

Arua, wakati mvinyo unapumzika

Nilipanga nyumba Arua Hill, moja ya zile za wakati wa Waingereza. Wengine wanapanga huko kwa fahari. Mimi pia, sikatai, lakini nilikuwa na sababu ya kitaalamu: kuta ni nene, na nyuma kuna stoo isiyo na dirisha. Niliingia humo mchana nikasikia ubaridi kwenye shingo, nikajua hapa ndipo. Nilizilaza chupa zangu juu ya mchanga. Ile ya kwanza niliisimamisha wima, ili mashapo yashuke taratibu yakae chini.

Kisha nikangoja. Mvinyo wa miaka mingi ukisafiri namna ile unahitaji wiki kadhaa kabla ya kufunguliwa, la sivyo unakuwa mdomoni kama mtu aliyeamshwa ghafla. Nilijua kungoja ni kazi. Sikujua kungoja Arua ni kazi ya namna gani. Wale niliosoma nao wamehamia Kampala, Juba, wengine kaburini. Manibe nilikwenda mara moja kupalilia kaburi la mama. Vijana wa pale waliniita "Bwana Amerika" wakaniomba kazi. Jioni nilikaa kwenye baraza lenye nafasi ya watu ishirini nikasikiliza kengele za kanisa la Ediofe, nikahesabu waliobaki wanaonijua kwa jina la utoto. Mkono mmoja ulitosha.

Aliyekuwa akija ni Mama Furaha, mfanyabiashara kutoka Kongo, anayeuza vitunguu na samaki wakavu. Alikuja kuuza, akabaki kushangaa nyumba.

"Papa, nyumba yote hii, na mutu ni moja?"

"Kwa sasa."

"Na ile chumba unafungaka na kufuli, iko nini?"

Nikamfungulia. Alitazama chupa zimelala juu ya mchanga kwenye giza. Alifanya ishara ya msalaba.

"Zinalala," nikamwambia.

"Naona," akasema, akarudi nyuma. Tangu siku hiyo aliniuzia samaki akiwa amesimama getini.

Mjomba alipata habari kwamba nipo. Arua na Koboko si mbali, na mdomo wa watu hauhitaji gari. Akanipigia.

"Anguyo. Wewe iko wapi?"

"Niko Arua, mjomba."

"Tangu lini?"

"Wiki ya pili sasa."

"Na wewe hapana kuja salimia mimi?"

"Nakuja, mjomba. Nimekuletea kile ulichoniagiza. Ila ni lazima kipumzike kwanza. Kimesafiri sana."

"Nini napumzika?"

"Mvinyo. Umechoka."

"Pombe nachoka." Nilimsikia akimwambia mkewe, Mama Poni, pembeni ya simu: "Anasema pombe nachoka." Kisha kwangu: "Sasa mimi je? Mimi nangoja wewe hii miaka yote, mimi hapana choka?"

Nilimweleza kuhusu mashapo. Alikata simu katikati. Labda salio lilikwisha.

Koboko

Nilikodi gari zuri, nikavaa shati jeupe, nikaipakata chupa wima kama mtoto anayepelekwa kubatizwa. Kwenye mkoba nilikuwa na glasi mbili za shina refu na kizibuo changu cha kazi. Dereva niliyemkodi aliendesha pole pole kama nilivyomwagiza, hata baiskeli zikatupita.

Kwa mjomba palikuwa pamejaa. Mama Poni alikuwa amepika kuku na ugali wa mhogo, na majirani walikuwa wameketi kwenye viti vya plastiki vilivyopangwa duara. Mzee mmoja Mwislamu, jirani wa mjomba, alikuwa na soda yake na hamu ya kuona tu. Mjomba alikuwa amepungua. Shati la kaunda alilovaa lilikuwa la mtu mkubwa kuliko yeye. Aliposimama kunikumbatia nilisikia mifupa. Sikuwa nimejiandaa kwa hilo.

"Umenona," akaniambia.

"Nawe umepungua, mjomba."

"Mimi nagawia wewe."

Watu wakacheka, na kwa muda ule mfupi nilikuwa nyumbani.

Baada ya kula wote wakanigeukia. Zamu yangu. Nilisimama nikaeleza: mteremko, mzee Emmett, mavuno yangu ya kwanza, miaka gizani, diploma. Nilieleza vizuri, nadhani nilieleza kwa kirefu. Kisha nikatoa kizibo, kikatoka kizima, chekundu upande mmoja, na harufu ikanifikia kabla sijainama. Nilikuwa nimeingoja miaka yote ile.

Ninyi wa kwingine huenda hamjui, lakini kwetu anayeleta kinywaji ndiye anayeanza kukinywa, mbele ya watu, ili kila mmoja aone hakuna kitu kibaya ndani. Kibuyu cha kwete, pombe yetu ya nafaka, kinafunguliwa hivyo, hata kati ya ndugu. Ni heshima, na ni woga pia. Huku kwetu hofu ya kuwekewa sumu haijaisha. Nalijua hilo tangu sijaota meno. Kwa hiyo nilijimiminia kidogo. Nikaizungusha glasi. Nikanusa. Nikachukua funda, nikavuta hewa kwa sauti, nikaupitisha mvinyo pande zote za mdomo.

Nikatema.

Mkono na mdomo vilifanya vyenyewe. Miaka yote ghalani nilionja mapipa kwa siku nzima, na fundi anayemeza hafiki jioni. Nilitema pembeni, kwenye vumbi, kwa ustadi, bila tone kugusa shati. Nikainua uso nikitabasamu, na nikamwona kuku mmoja anakimbilia pale palipolowa. Mama Poni aliruka kutoka kwenye kiti akamfukuza kwa kanga. Alimfukuza mbali kabisa, hadi nyuma ya jiko.

Hapo ndipo nilipoelewa.

"Umetema," akasema mjomba.

"Ni kazi yangu, mjomba. Fundi akionja hutema. Ndivyo nilivyosomea."

"Mimi nimeona mutu nakunywa. Nimeona mutu natapika. Mutu naleta pombe kutoka mbali, halafu natema yeye mwenyewe, hiyo mimi hapana ona."

"Sio mbaya. Ngoja nimeze."

Nikajaza glasi nikameza. Nilimeza kwa sauti ili wasikie. Nikawatazama.

"Sumu ingine napanda pole pole," akasema Mama Poni, hakuniangalia.

Glasi ya pili ilibaki tupu mezani mbele ya mjomba. Hakuigusa. Majirani walianza kukumbuka mbuzi wao. Yule mzee wa soda ndiye aliyekaa zaidi, akanipa pole kama anayempa mfiwa, naye akaondoka. Nami sikuwa na njia ila kuendelea. Nikanywa ya pili, ya tatu. Chupa ya umri ule ikishafunguliwa haina kesho, hewa inaimaliza. Ndugu zangu, ulikuwa mvinyo bora kuliko wote niliowahi kuuweka mdomoni. Ukakasi wote ulikuwa umekwisha. Kulikuwa na ukwaju uliokauka, na nyuma yake, wazi kabisa, majani ya tumbaku yaliyoning'inizwa chini ya paa, banda la mjomba lile lile, miaka ile. Nilitaka kumwambia mtu. Mjomba na mkewe walikuwa wamekaa upande wa pili wananitazama kama watu wa kando ya kitanda hospitalini, wakingoja nianguke. Nilinywa mvinyo wa maisha yangu kama mshitakiwa.

Nikasinzia kwenye kiti jua likiwa bado juu.

Asubuhi

Nilipoamka palikuwa pamekucha. Nilikuwa kwenye mkeka, nimefunikwa. Mjomba alikuwa amekaa karibu, na kwa namna macho yake yalivyokuwa mekundu nilijua hakuwa amelala. Chupa alikuwa nayo mkononi, ameiinua kuelekea jua, anatazama mashapo yaliyobaki.

"Umeamka."

"Nimeamka."

"Basi haikuwa na kitu."

"Sikusema ina kitu, mjomba."

"Wewe hapana sema. Mdomo yako nasema."

Akaweka mdomo wa chupa chini ya pua yake. Alinusa, akaitoa, akanusa tena muda mrefu, macho yamefungwa.

"Tumbaku," akasema.

Akaigeuza chupa juu ya kiganja chake; likatoka tope jeusi, basi. Akalitazama, akapangusia kwenye nyasi.

"Ingine iko?"

"Iko nne, Arua. Lakini bado changa sana. Inauma. Inahitaji miaka mitano, sita, ndipo iwe kama hii."

Mjomba alinitazama kwa upole ambao sikuupenda. "Anguyo. Miaka sita, wewe unaongea na mimi ao na mtoto?"

Arua, na Koboko tena

Nilirudi Arua Hill nikafungua stoo. Chupa nne zilikuwa zimelala kwenye mchanga, na kila nilichosomea kiliniambia niziache. Nilikaa humo kwenye ubaridi kwa muda. Nyumba nzima ilikuwa kimya kwa ajili yao. Kisha nikachukua mbili.

Safari hii sikukodi gari. Lori la vitunguu la Mama Furaha lilikuwa linaelekea Koboko, nikapanda mbele, kati yake na dereva.

"Papa, leo zimeamuka?" akauliza, akitazama mkoba.

"Nimeziamsha."

Akacheka, akasogea nipate nafasi ya miguu. Chupa zilitikisika njia nzima. Niliziacha zitikisike.

Kwa mjomba hapakuwa na viti vya duara. Alikuwepo yeye na Mama Poni, na kuku wale wale. Sikutoa hotuba. Nilifungua, nikajimiminia glasi kamili, nikanywa yote nimesimama, nikapindua glasi waone nzi hawana cha kufuata. Mama Poni aliangalia koo langu lote likipanda na kushuka, kisha akaketi.

Mjomba alichukua glasi ya shina refu kwa mikono miwili. Akanywa. Uso wake ulijikunja wote, jicho moja likajifumba.

"Inauma," akasema.

"Nilikwambia, mjomba. Bado changa."

Akakaa nao mdomoni kidogo. Nikaona koo lake linashuka. Akaninyooshea glasi niongeze.

"Hapana shida," akasema, akiitazama chupa. "Mimi nimezeeka ya kutosha sisi yote mbili."